Waendeshaji wa redio ya ridhaa wanahitaji mafundi wa kujitolea walio karibu nao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze upungufu mmoja ambao kwa maoni yangu ndio unaoirudisha nyuma redio ya ridhaa nchini mwetu, na ambao hata wenzetu wa Kenya na Uganda tunaokutana nao hewani huulalamikia. Watu wenye hamu wapo, na leseni zinatolewa. Mitambo, ingawa ni ghali, hupatikana kwa anayejinyima. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujuzi, anayeishi mji uleule au wilaya ya jirani, ambaye mwendeshaji mpya akimpigia simu atakuja na mita yake, atasikiliza, atapima na kumwonyesha kasoro ilipo bila kudai malipo. Kwa kukosa mtu huyo, wengi hupata leseni, huweka antena, husikia mngurumo mtupu kwa wiki kadhaa, kisha hufunika mtambo kwa kitambaa na kuusahau.

Kwa msomaji asiyeifahamu shughuli hii, redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa na kanuni za kimataifa za redio, ambamo mtu binafsi aliyepewa leseni, hapa Tanzania na TCRA na kule Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, huwasiliana na wenzake duniani kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila biashara yoyote. Kila mmoja hupewa alama ya wito: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Tofauti kubwa kati yake na kituo cha utangazaji ni kwamba kituo cha utangazaji kina wahandisi wanaolipwa mshahara, ilhali mwendeshaji wa ridhaa ndiye mhandisi, fundi, mtangazaji na mlinzi wa kituo chake mwenyewe. Mtihani wa leseni hupima kama anazijua sheria na misingi ya umeme na mawimbi. Haumfundishi kusimama juu ya paa la bati saa tisa alasiri na kuamua waya uelekee upande gani.

Nianze na antena, maana ndipo wengi wanapokwama mapema. Antena rahisi kuliko zote ni waya uliokatwa katikati na kulishwa kwa kebo, na urefu wake wote ni nusu ya wimbi. Kwa masafa ya megahezi 7.1 urefu huo ni kama mita 20, na kwa megahezi 14.2 ni kama mita 10. Hesabu hiyo imo katika kila kitabu. Lakini waya tunaonunua katika maduka ya vifaa vya umeme umefunikwa kwa plastiki, na plastiki hiyo huifanya antena ifanye kazi kana kwamba ni ndefu kuliko ilivyo kwa asilimia chache. Paa la bati lililo chini yake nalo huyasogeza masafa yake. Mwembe unaoegemeza ncha moja hufanya vivyo hivyo majani yake yanapolowa. Mwenye uzoefu hukata waya mrefu kidogo kuliko hesabu inavyodai, akaunyanyua, akapima, kisha akapunguza pande zote mbili kidogo kidogo hadi kipimo kitulie pale anapopataka. Asiye na uzoefu hukata kwa hesabu, huona mtambo unakataa kutoa nguvu, na huamini kwamba ameuziwa mtambo mbovu.

Hata ushauri mdogo wa mtu anayeyajua mazingira yetu huokoa fedha nyingi. Nimewaona vijana wakiahirisha kituo kwa miezi kwa sababu kitabu kimewaambia watumie kebo ya omu 50, ambayo mikoani ni adimu na ni ghali, ilhali kebo ya madishi ya televisheni ya omu 75 inauzwa karibu kila mtaa na kwa antena ya waya yenye nguvu ndogo inafanya kazi vizuri kabisa. Vilevile mgeni katika fani hii hudhani kwamba bila mlingoti mrefu hawezi kufika popote. Kwa mawasiliano ya ndani ya nchi, tuseme kati ya Mwanza na Dodoma, antena ya megahezi 7 iliyo chini ya mita 10 kutoka ardhini ndiyo inayofaa hasa, kwa kuwa mawimbi yake hupanda karibu wima, hugonga ionosfera, yaani tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi, na kurudi chini katika eneo la mamia ya kilomita kuzunguka kituo. Miti miwili ya uani inatosha.

Jambo linalowavunja moyo watu wengi zaidi, hata hivyo, si antena bali ni kelele, na hapa naomba nikae kidogo.

Masafa mafupi yamejaa uchafu wa umeme kuliko wakati wowote niliopata kuushuhudia. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta na kontrola za sola (vifaa vinavyodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) zote hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zile zilizotengenezwa bila vichujio humwaga mabaki ya kazi hiyo hewani kupitia nyaya zake. Mwalimu mmoja wa fizikia katika wilaya ya jirani, mtu makini aliyejisomea mwenyewe hadi akapata leseni, aliniambia kuwa kijijini kwake hakuna umeme wa gridi na kwa hiyo alitarajia ukimya. Badala yake alisikia mngurumo ulioanza jua linapochomoza na kukoma jua linapotua. Kwa aliyewahi kulikuta jambo hilo, maelezo hayo peke yake yanatosha kumtaja mkosaji, kwani kinachofanya kazi mchana tu ni kontrola ya sola. Tulizisokota pamoja nyaya mbili zinazotoka kwenye paneli, ambazo zilikuwa zimetandazwa mbalimbali na kuwa antena bila mwenyewe kujua, tukazifupisha, na tukazipitisha mara kadhaa katika pete za feraiti, ambazo ni pete za sumaku zinazozuia kelele ya redio kusafiri kwenye waya. Kelele ilishuka kiasi cha kumwezesha kusikia vituo vya Nairobi na Afrika Kusini mchana huohuo. Ni kazi ya alasiri moja, lakini yeye alikuwa amehangaika nayo kwa msimu mzima.

Njia ya kutafuta kelele haina siri, na kila mwendeshaji angeweza kufundishwa. Mtambo uunganishwe kwenye betri ya volti 12, kisha swichi kuu ya nyumba izimwe. Kelele ikitoweka, chanzo kiko ndani ya nyumba yako, nawe utarudisha saketi moja baada ya nyingine hadi uikamate. Ikibaki, toka nje na redio ndogo ya betri inayopokea mawimbi ya kati, uizungushe mkononi na kufuata mwelekeo inakozidi. Kelele inayopungua mvua inaponyesha na kuzidi wakati wa kiangazi mara nyingi hutokana na nguzo ya umeme yenye kiungo kilicholegea, na hilo si la kuguswa na mwendeshaji wala fundi wa kujitolea. Ni la kupeleka taarifa kwa wenye njia hiyo, likiwa na namba ya nguzo. Hata taarifa hiyo huandikwa vizuri zaidi na mtu anayejua aeleze nini.

Kelele ina upande wake wa pili, ambao huharibu ujirani. Kuna wakati anayelalamika ni jirani: kila kijana wa nyumba ya pili anapobonyeza kitufe cha kusema, spika za televisheni yake hukoroma, au sauti ngeni inasikika katika vipaza sauti vya msikiti au kanisa wakati wa ibada. Mara nyingi mtambo wa mwendeshaji hauna kosa, kwani amplifaya inapokea mawimbi isiyokusudiwa kuyapokea kupitia nyaya ndefu za spika, na dawa yake ni pete zilezile za feraiti. Nani atamweleza jirani hayo na akaeleweka? Akisema mwendeshaji mwenyewe, huonekana anajitetea. Akija mtu wa tatu, mwenye umri na heshima, aliyetambulishwa kwa barua ya klabu na kupita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba ruhusa ya kuingia, akajaribu mbele ya wenye nyumba wote wawili, shauri huisha wakinywa chai. Tusisahau kwamba katika mitaa yetu mtu mwenye nyaya juu ya paa anayezungumza usiku na wageni hushukiwa upesi, na shaka hiyo haiondolewi kwa kuonyesha leseni tu.

Usalama ni hoja ambayo peke yake ingetosha kunifanya niandike. Tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tunazijua radi za usiku. Eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa na radi nyingi duniani. Antena ya waya mrefu iliyoingizwa chumbani bila njia ya kuichomoa na kuiunganisha na waya wa ethi nje ya nyumba ni hatari kwa familia nzima. Hatari zaidi ni mlingoti uliosimamishwa karibu na njia ya umeme. Kanuni ni kwamba mlingoti usimame mahali ambapo ukianguka upande wowote, wenyewe na waya wake wote, hautafika kwenye njia hiyo. Ni kanuni nyepesi kutamka, lakini viwanja vya mjini ni vidogo, na kijana mwenye shauku peke yake hujishawishi kwamba kamba itashika. Mtu mzima aliyesimama naye uani atamwambia hapana.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vya nje haviwezi kutuelekeza kwa sababu vimeandikwa kwa mazingira mengine. Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa satelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, ambayo imebeba vifaa vya redio ya ridhaa vinavyojulikana kama QO-100. Ni ya kwanza ya waendeshaji wa ridhaa kukaa mahali pamoja angani, kwenye nyuzi 25.9 mashariki, takriban juu ya Kisangani, na inalifikia bara zima la Afrika saa 24 kwa siku. Kwa mwendeshaji wa Mwanza iko zaidi ya digrii 80 kutoka upeo wa macho, yaani karibu utosini. Maelekezo ya Ulaya huzungumzia dishi lililoinama kuelekea kusini. Hapa kwetu dishi lenye kipokezi katikati hutazama juu kama bakuli na kujaa maji ya masika, hadi litobolewe tundu dogo chini. Fundi wa kwetu hulijua hilo baada ya mvua ya kwanza, na akiwa na wa kumwambia, wa pili hatalazimika kulijifunza kwa hasara.

Nchi zilizoendelea katika fani hii hazikuliacha suala la msaada kwa bahati. Nchini Marekani, chama cha ARRL, kilichoasisiwa mwaka 1914, kimegawa nchi katika maeneo, na katika kila eneo msimamizi aliyechaguliwa na wanachama huweza kumteua mratibu wa ufundi, ambaye naye hufanya kazi na wataalamu wa ufundi wa kujitolea. Wengine hubobea katika antena, wengine katika kutafuta kelele, wengine katika mawasiliano ya kidijiti. Mwanachama aliyekwama hutafuta wa eneo lake na kumwandikia. Chama cha Uingereza, RSGB, kilichoanza mwaka 1913, kina kamati ya watu wa kujitolea inayoshughulikia mwingiliano wa mawimbi peke yake. Marekani ina leseni zaidi ya 700,000, nasi hatuwezi kujilinganisha nayo kwa wingi. Lakini uchache wetu unazidisha haja, kwa kuwa palipo na waendeshaji wengi mtu hujifunza kwa kumtembelea jirani, ilhali kwetu mwendeshaji mmoja anaweza kuwa peke yake katika mkoa mzima.

Pendekezo langu ni hili. Tanzania Amateur Radio Club, na kwa upande wa Kenya Amateur Radio Society of Kenya, ziandae orodha ya mafundi wa kujitolea kwa kila mkoa au kaunti, ikionyesha kila mmoja anamudu nini na anaweza kufika wapi, na orodha hiyo impate kila anayekabidhiwa leseni mpya siku anayoipokea. Nina hakika watu wapo. Wapo mafundi mitambo wastaafu wa redio ya taifa, wa simu, wa reli, wa bandari, wa polisi na wa jeshi, waliotumia maisha yao wakitunza mitambo ya masafa mafupi na ambao leo hakuna anayewauliza lolote. Wengi wao hawana leseni ya ridhaa na huenda hawajui kwamba ujuzi wao unatafutwa. Wapo pia mafundi redio wa mitaani, wenye mikono mizuri kuliko wahandisi wengi, ambao wakielezwa kinachohitajika wataweza kukarabati mtambo wa masafa mafupi kama wanavyokarabati amplifaya. Vyuo kama DIT cha Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na vile vya VETA vingeweza kufungua karakana zao siku moja kila mwezi ili mwenye mtambo uliokufa aulete na upimwe mbele ya wanafunzi, ambao nao wangepata somo lisilopatikana ubaoni.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Kila kanda ikiwa na mkoba mmoja wenye mita ya umeme, kipima antena kidogo cha mkononi, ambacho bei yake imeshuka sana miaka hii, mzigo bandia wa omu 50 unaoshika nafasi ya antena wakati wa kujaribu mtambo, chuma cha kulehemu na pete za feraiti za kutosha, robo tatu ya matatizo niliyoyataja yanatatulika. Nauli ya fundi, kwa maoni yangu, ibebwe na klabu au na anayesaidiwa, lakini kazi yenyewe isilipiwe. Siku itakapowekewa bei, mwalimu wa kijijini ndiye atakayeachwa nyuma. Fundi huyu pia asigeuzwe mkaguzi wa mamlaka. Akienda kwa mtu kumsaidia na kesho yake akaonekana anaandika ripoti ya makosa, hakuna atakayemfungulia mlango tena. Wenye kazi ya ukaguzi wapo na wana mamlaka ya kisheria. Na maelezo yake yote, ya mdomo na ya maandishi, yawe kwa Kiswahili, kwa kuwa kijana anayeelewa umeme vizuri asizuiwe na lugha ya kitabu.

Najua wapo watakaouliza kuna haja gani ya haya yote wakati kila mtu ana simu mfukoni. Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi za jirani, na tuliona jinsi shughuli nyingi zinavyotegemea njia chache. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman, kundi la waendeshaji wa ridhaa wa India lilikuwa Port Blair kwa shughuli zake za kawaida za redio, na kwa siku zilizofuata kituo chao kikapitisha habari za waliopotea na waliosalimika kwenda bara, kwa kuwa njia nyingine zilikuwa zimekatika. Waliweza kwa sababu antena ilikuwa imeshasimama na mtambo umeshajaribiwa. Kanuni za kimataifa za redio, katika marekebisho ya mwaka 2003, zinazihimiza serikali kuchukua hatua za kuviwezesha vituo vya ridhaa kujiandaa na kukidhi mahitaji ya mawasiliano wakati wa maafa. Neno kujiandaa limo ndani yake, na kituo kilichofunikwa kwa kitambaa kwa sababu ya kontrola ya sola hakijajiandaa kwa lolote.

Kwa hiyo naiomba TCRA, inapotoa leseni, imwelekeze mpokeaji kwa klabu na kumwambia kuwa kuna msaada, na naiomba klabu ihakikishe kwamba anayebisha hodi anakuta mtu. Hilo halihitaji sheria mpya wala fungu la bajeti. Kwa wastaafu na mafundi watakaosoma barua hii, wasisubiri orodha ikamilike: katika mkoa wao huenda yupo mwendeshaji mmoja au wawili, antena zao zinaonekana barabarani, na kumsimamisha mmoja na kumuuliza anasikia nini ni mwanzo unaotosha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuko tayari kumpokea yeyote anayetaka kujifunza kutafuta kelele, awe na leseni au asiwe nayo, na tutamkabidhi redio ya mkononi siku hiyohiyo atembee nayo.

Wenu katika huduma,
Mwendesha redio ya ridhaa,
Mwanza